Tupeane uzoefu: nyuzi za njano juu ya fensi, mlizimaliza vipi?

Duranta_Mamboleo: Wadau, hamjambo. Niko Mamboleo, Kisumu. Fensi yangu ya duranta imefunikwa na kitu kama tambi zilizomwagwa, njano tupu, hakuna jani hata moja. Nimefuata uzi hadi chini nikitafuta mzizi, wapi! Unaishia hewani. Aliyepitia haya alifanyaje?

MamaKuku_Luanda: Pole sana. Hiyo ni kuskuta. Mzizi huwa nao ikiota tu, ikishashika mti, mzizi huo unakauka, basi inaishi juu kwa juu. Bandua uzi uliozunguka tawi uangalie upande wa ndani: kuna vinundu vimepangana, ndivyo vinavyotoboa gome na kunyonya. Mimi niliing'oa kwa mikono, mzee akanisifu, rundo nikalitupa nyuma ya choo juu ya lantana. Haukupita mwezi lantana yote ikawa njano. Kipande cha kidole kinatosha kuanza upya.

Kijana_wa_Majengo: Naona haya kusema, niliileta mwenyewe. Niliiona kwa fensi ya watu huko Kakamega ikimetameta jua la jioni, nikakata kamba moja, nikairusha juu ya bogenvilia ya mama. Ilipendeza, kweli. Halafu bogenvilia ikaanza kukauka kutoka juu. Mama hajui hadi leo.

Baba_Pacha: Mimi nilikimbilia agrovet. Dawa ya magugu haichagui: fensi ikafa, na nyuzi zilizokuwa zimeshavuka kwenye mlimau zikaendelea na maisha. Pesa ikaenda.

Mwalimu_Maseno: Panga ndiyo dawa. Nilikata fensi yote ikabaki ya magoti, nikachoma matawi palepale. Usiyaburute uani, utapanda njiani. Duranta ilichipua vizuri. Kisha kila Jumamosi kwa miezi 3 nilikuwa napita na mkasi. Ukiona uzi, usiuvute. Kata tawi lenyewe, shubiri moja chini ya kinundu cha mwisho, kwa sababu kinundu kikibaki ndani ya gome huchipua tena. Na ufanye haya kabla ya vile vimaua vidogo vyeupe kuwa mbegu. Mbegu zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10, nami upande mmoja nilichelewa. Pale palikuwa na nyanya, sasa napanda mahindi tu, maana kuskuta haielewani na jamii ya nyasi.

MamaKuku_Luanda: Mwalimu, ya kukata tawi sikuijua. Mimi nilikuwa nikivuta tu, kama mjinga.

Duranta_Mamboleo: Asanteni. Nimetoka na tochi sasa hivi, vinundu nimeviona, vimaua bado. Ila fensi ni yetu sote na jirani, na upande wake ndio umejaa zaidi. Nimemwambia tukate, akasema niache wivu, fensi imependeza. @Kijana_wa_Majengo, wewe uliyeipenda, nimwambieje huyu mama?