Usaili Mara 6, Miezi Minne, na Jibu la Mistari Miwili Lisilo na Sababu

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ni mhandisi wa programu hapa Dar es Salaam, mwaka wa 9 sasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuunganisha mifumo ya maduka na malipo ya simu. Mwezi Januari afisa ajira wa kampuni kubwa ya teknolojia ya Marekani, ambayo jina lake nalihifadhi, alinitafuta mwenyewe. Sikuwa nimeomba kazi kwao. Tangu siku hiyo hadi Mei nilisailiwa mara 6.

Usaili wa mwisho ulipangwa saa tano usiku, kwa kuwa kwa msaili aliyeko California ilikuwa saa saba mchana. Nilinunua bando jipya, watoto wakalazwa chumba cha nyuma, na jenereta la jirani nikalijaza mafuta kwa fedha yangu. Niliambiwa nibuni mfumo wa kupokea malipo, nami nikaanza na tatizo linalotunyima usingizi: mteja amebonyeza kulipa, mtandao umekatika kabla jibu halijarudi, amebonyeza tena, na pesa imekatwa mara mbili. Nikaeleza kwamba kila muamala upewe namba yake ya kipekee kabla haujatoka kwenye simu, ili seva ikiiona namba ileile kwa mara ya pili irudishe jibu la kwanza badala ya kukata upya. Msaili, ambaye muda wote nilimsikia akichapa mambo yake, alinikatiza: "Tuchukulie mtandao uko sawa." Uko sawa wapi? Huyo hajawahi kusimama dukani amelipa huku muuzaji akishikilia kwamba ujumbe haujaingia.

Kisha likaja fumbo la kugeuza mti wa data, yaani data iliyopangwa kwa matawi kama mti, matawi ya kulia yaende kushoto na ya kushoto yaende kulia, kwa dakika 20, kwenye ukurasa usioweza kuendesha hata mstari mmoja wa programu. Nilizidisha hatua moja kwenye mzunguko, ile sehemu ya programu inayorudia hatua zilezile, kosa ambalo kompyuta yoyote ingenionyesha papo hapo. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, alilalamika hadharani kwamba Google ilimkataa kwa fumbo la namna hiihii, ilhali wahandisi wa Google wenyewe walikuwa wakiitumia hiyo Homebrew. Kwa hiyo sijidai kuwa wa kwanza kuonewa. Rafiki yangu aliyemo ndani ya kampuni hiyo ananiambia kwamba tangu aingie hajageuza mti wowote, na kwamba wiki tatu zilizopita amezimaliza akisubiri idhini ya kubadilisha neno moja kwenye fomu.

Kukataliwa nakubali. Ninachokataa ni barua ya mistari miwili inayosema "tumeamua kutoendelea nawe" na kunizuia kuomba tena kwa miezi 12 bila kunieleza nirekebishe nini. Nilipojibu kwa adabu kuuliza sababu, mfumo ulinirudishia taarifa kwamba anwani hiyo haipokei ujumbe, na afisa ajira aliyekuwa akinipigia kila wiki hapokei simu tena.

Kama yupo humu aliyewahi kupewa sababu na kampuni za aina hii, naomba anieleze alimwandikia nani.