"I am hungry". said Juma: nukta ikae wapi?

Mwalimu_Kidato2
Wakuu, nasahihisha insha za Kiingereza na sentensi hizi zinajirudia kila daftari. Kosa liko wapi hasa, na nimweleze vipi mwanafunzi aelewe?

1. "I am hungry". said Juma.
2. Asha said that, "she will come tomorrow."
3. "Where are you going?", He asked.

Kalamu Nyekundu
Zote zina kosa, na kila moja la kwake.

Ya kwanza: *said Juma* ni mkia wa sentensi ileile, haijitegemei. Nukta imeikata kabla haijaisha. Weka koma, tena kabla ya kufunga alama: "I am hungry," said Juma.

Ya tatu: kiulizi kimeshafanya kazi ya koma, kwa hiyo koma itoke. Na *he* ianze kwa herufi ndogo, maana bado tumo katika sentensi moja: "Where are you going?" he asked. (Simu nyingi huipandisha herufi hiyo zenyewe zikiona kiulizi. Muwe macho.)

Ya pili ndiyo sugu. Amechanganya usemi halisi na usemi wa taarifa, na ile koma ameitoa kwenye mazoea yetu ya kuandika "alisema kwamba, ...". Achague moja:

Asha said, "I will come tomorrow."
Asha said that she would come the next day.

mhariri_pwani
Naongezea pale msemaji anapotajwa katikati, maana hapo hata watu wazima huteleza.

"If it rains," she said, "we will stay at home."
"It is raining," she said. "We will stay at home."

Kipimo: futa *she said*, unganisha kilichobaki. Ikiwa ni sentensi moja, baada ya *said* weka koma, na *we* ibaki ndogo. Zikiwa mbili, weka nukta na herufi kubwa.

Halafu koma huenda na kitenzi cha kusema tu. Kufungua mlango si kusema, kwa hiyo: "Come in." He opened the door.

Mwalimu_Kidato2
Asante sana. Na nukta ya mwisho, ndani au nje? Vitabu vinapingana.

Kalamu Nyekundu
Vinapingana kwa sababu mifumo ni miwili. Marekani nukta na koma huingia ndani daima, hata kama kilichonukuliwa ni neno moja: He called it "progress." Uingereza neno hilo lingeachiwa nukta nje: He called it 'progress'. Lakini kwenye mazungumzo ya hadithi hakuna ugomvi, kote koma iko ndani. Shule zetu hufuata tahajia ya Uingereza, ila alama za kunukuu mbilimbili (" ") badala ya mojamoja (' ') zinakubalika; muhimu mwanafunzi asichanganye mifumo kwenye insha moja.

Kiulizi hufuata maana, popote pale:

She asked, "Are you tired?"
Did she say, "I am tired"?

Ya kwanza swali ni la aliyenukuliwa. Ya pili ni la mwandishi.

mhariri_pwani
Na yote mawili yakiwa maswali, kiulizi ni kimoja tu, ndani: Did she ask, "Are you tired?"