Tupeane uzoefu: kulala shambani kwa watu, Malindi na Lamu

Mkwe wa Ganda
Wadau, salamu. Mama mkwe wangu ana shamba Ganda, minazi na mikorosho, na watoto wote wamehamia Mombasa. Vyumba vimebaki vitupu. Sasa amesikia kwa mashoga zake kwamba kuna watu wanalipa kulala shambani, asubuhi wakanywa chai, kisha wakaenda zao. Anataka kununua televisheni kubwa, makochi na mapazia ya hoteli. Mimi nasita, lakini mkwe humkatalii hivi hivi. Aliyewahi kulala kwa mtindo huu, hapa Malindi au Lamu, atueleze alilipia nini hasa na nini kilimkera.

Dada Mahamri
Televisheni ya nini jamani? Sisi tulikwenda na watoto upande wa Gede, kwa mzee mmoja ambaye shamba lake limepakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wanangu wamezaliwa Nairobi, korosho wanaijua ya pakiti. Ilikuwa Januari, mabibo yameiva, chini kumetapakaa manjano na mekundu. Bi mkubwa akampa kila mtoto kikapu, wakaokota, akawaonyesha jinsi ya kuinyofoa korosho kwenye bibo. Wakati wa kuchoma aliwafukuza kabisa, maana mafuta ya lile ganda huruka, na yakikupata ngozi inababuka. Yeye mwenyewe alijipaka majivu mikononi kabla ya kuanza kugonga. Siku hizi tukipita dukani wanangu wanauliza hizi korosho kazigonga nani.

Usiku hapana kitu, giza na vyura. Alfajiri niliamshwa na mkwaruzo wa mbuzi, ile ya kukunia nazi, na kabla jua halijapanda tukawekewa mahamri ya moto, mbaazi za tui zito na chai ya iliki. Nimekula hotelini mara nyingi, mbaazi kama zile sijazipata.

Baadaye mzee akatupeleka ukingoni mwa msitu. Ule msitu ni kilomita za mraba 420 hivi, lakini hatukuhitaji kwenda mbali: sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, alikatiza njia, yule mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, na ukipepesa macho umemkosa. Jirani yake mzee anafuga viwavi kwa ajili ya mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza 1993. Wakishajifunga, kabla ya kutoka vipepeo, husafirishwa ng'ambo. Watoto walitaka kuhamia huko.

Kero ilikuwa maji. Kisima kina chumvi, sabuni haitoi povu, na nywele za binti yangu zilikakamaa. Wangetuambia mapema tungebeba mitungi.

Fundi Makuti
Kaka, la kwanza: bi mkubwa, huyo mkwe wako, asiezue makuti akaweka bati. Februari, saa nane mchana, chumba cha bati mgeni atakikimbia alale chini ya mwembe.

Nahodha Mstaafu
Mimi ni wa Amu, yaani Lamu kisiwani. Huku kwetu kwenda shamba si gari, aghalabu ni punda, miguu, au chombo. Nimepeleka wageni wengi Kipungani, mwisho wa kisiwa upande wa magharibi. Mwenyeji wao pale ni mama msuka mikeka, na wageni hulala kwenye kitanda cha teremka tukaze, barazani kuna upepo. Chakula kizuri, samaki wa kupaka, mkate wa mofa, kahawa thungu.

Tabu ni saa. Mgeni anakwambia atoke saa mbili kamili awahi ndege Manda. Ndege ina saa zake, na bahari ina zake. Maji yakipwa ule mkono wa bahari hubaki matope na mikoko, chombo kinakaa. Kuna bwana mmoja alinigombeza mpaka mishipa ikamtoka shingoni, maji yako futi moja. Kwa hiyo mwenyeji wa Lamu, siku mgeni anapopiga simu, mwambie maji yatajaa saa ngapi siku ya kuondoka.

Mlaji wa Nduma
Lamu si kisiwa tu jamani. Mimi nililala Mpeketoni, kwa familia iliyokuja na mpango wa makazi wa miaka ya 1970. Asubuhi nduma, viazi vitamu na chai ya maziwa matupu. Mzee akanionyesha pamba yake na miembe, halafu jioni tukaenda Ziwa Kenyatta kutazama viboko kwa mbali. Kwa MBALI, nasisitiza. Nililipa shilingi 2,500, chakula cha usiku ndani yake, nikaondoka na maembe ya bure ambayo nauli yake ilikuwa kubwa kuliko bei.

Shemeji wa Toscana
Nimefanya kazi ya jikoni kwa Waitalia wa Malindi na mwajiri mmoja alinipeleka kwao. Toscana tulilala shambani kwa watu, wao huita agriturismo. Wana sheria yake tangu 1985, na sharti kubwa ni kwamba ukulima ubaki ndiyo kazi kuu, wageni wawe nyongeza. Mtu hawezi kupaka rangi jumba, akapanda mizeituni miwili mlangoni, akajiita mkulima. Tulikula jibini ya kondoo waliokuwa wakipita dirishani. Mwenyeji aliamka, akatuandalia, akaenda zake shambani. Hakukaa kutuchekesha.

Hilo ndilo naliona hapa kwetu linakosewa. Kuna mahali huko njia ya Marafa (sipataji) waliniwekea mkate wa dukani, siagi ya kopo na soseji, na uani muhogo umejaa! Nilipoomba muhogo wakaona haya kuniletea. Bi mkubwa aonee haya soseji.

Mlezi wa Mbuzi
Marafa penyewe msiiache. Lile korongo la Nyari mwenyeji alitupeleka saa kumi na moja jioni, ndipo rangi za udongo zinapowaka, akatusimulia ile ya matajiri waliooga maziwa mpaka Mungu akawadidimiza. Wale wanaokuja na basi saa sita mchana huona joto tu.

Na suala la mnazi, ile pombe. Mwenyeji wetu alituuliza kwanza kama tunakunywa, kwa kuwa mke wangu ni Mwislamu. Tukaletewa madafu, yeye na wenzake wakaenda kunywa kwa mgema. Uungwana huo.

Nesi Mwambao
Chandarua kisicho na tundu, taa ya sola njia ya chooni, na choo cha shimo kiwe na kifuniko. Mengine yote nasamehe.

Mwana wa Kaunti
Leseni. Nyumba ya namna hii iko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, Sheria ya Utalii ya 2011, na kaunti nayo inataka kibali chake cha biashara. Amalize hayo kabla ya kununua hata shuka.

Mkwe wa Ganda
Nimemsomea yote. Televisheni ameiacha, makochi bado anayang'ang'ania. Soseji amecheka sana. Anauliza: mgeni akija mwezi wa tano, mvua za masika, njia yote tope, mabibo hakuna, maembe hakuna, atamfanyia nini?

Dada Mahamri
Amwambie kabla hajatoka kwake aje na viatu vya tope. Mvua ya bahari si ya kutwa nzima.

Fundi Makuti
Akae naye barazani washone viungo vya makuti. Paa lake litahitaji mengi tu, na bei asipunguze.