Mjadala: Je, sanaa husaidia watu kudai haki, au hupoza tu hasira zao?

Ndugu wachangiaji, naleta swali hili kwa sababu ya jambo lililotokea Nakuru, Kenya, Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa la maigizo. Wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walikuwa waigize mchezo wa "Echoes of War", ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala, kuhusu vijana na utawala wa nchi yao. Mchezo ulizuiwa, Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe, na siku ilipowadia polisi wakarusha mabomu ya machozi. Tangu hapo wapo wanaoshikilia kwamba watoto walitumiwa na mwanasiasa, na wapo wanaoshikilia kwamba serikali iliogopa kusemwa.

Katika hoja za wanaopinga sanaa ya namna hii, ninayoiheshimu zaidi si ile ya usalama wala ya maadili ya wanafunzi. Ni ile inayosema kwamba mtu akishaimba, akacheka na kulia ukumbini, hurudi nyumbani ameutua mzigo, na kesho yake hali ni ileile. Hoja hiyo ina ushahidi. Machi 2017 nchini Tanzania, mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", Basata, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, likaufungia, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, hata akashauri mambo ya kuongezwa ndani yake. Wengi tulishangilia, na ilikuwa haki kufurahi kwamba kijana amerudi kwao. Lakini ruhusa iliyotoka kwa hisani ya mtu mmoja ingeweza kuondolewa na mtu huyohuyo, na hazikupita wiki mbili kabla mwanamuziki mwingine, Roma, hajatekwa pamoja na wenzake kutoka studio jijini Dar es Salaam.

Hata hivyo, nadhani wenye hoja hiyo wanaitazama sanaa siku ya onyesho tu, ilhali kazi yake kubwa huwa imekwisha kufanyika kabla ya hapo. Mfano wangu ni Kamirithu, kijiji cha Limuru, Kenya. Mwaka 1976 wanakijiji walianzisha darasa la elimu ya watu wazima katika kituo chao, na mwaka uliofuata, wakiwa na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa profesa wa chuo kikuu, na Ngũgĩ wa Mirii, wakaandaa mchezo wa Kigĩkũyũ, "Ngaahika Ndeenda" (Nitaolewa Nikitaka), unaohusu mkulima anayenyang'anywa kipande chake cha ardhi na tajiri. Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwandani. Mswada ulisomwa mbele yao nao wakausahihisha: wazee walikataa maneno ambayo mzee hawezi kuyatamka, waliopitia vita vya kudai uhuru wakarekebisha habari za vita hivyo, na wanawake ambao hawakuwahi kukaa darasani wakafundisha nyimbo za gitiiro, ambazo ni nyimbo za jadi za Wakikuyu. Mazoezi yalifanywa hadharani, kila mpita njia akitoa lake. Jukwaa la wazi, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, walilijenga kwa mikono yao.

Naomba tutulie hapo kidogo. Kibarua aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hajui kitu alisimama mbele ya profesa wa chuo kikuu akamwambia, "Hapa umekosea," na profesa akafuta. Mtu aliyekwisha kufanya hivyo hawezi kurudi shambani akiwa yule yule, hata kama onyesho lisingefanyika kabisa. Naamini watawala walilielewa hilo kuliko wahakiki wengi. Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba 1977, na katikati ya Novemba kibali kikafutwa. Usiku wa kuamkia Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982, kikundi kilipojaribu kuandaa mchezo mwingine, kilizuiwa tena, na jukwaa la kijiji likabomolewa. Serikali haibomoi jukwaa kwa sababu ya kitu kinachopoza hasira.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: nani aliitengeneza kazi hiyo, na alijifunza nini alipokuwa akiitengeneza. Kwa kipimo hicho siwezi kuutetea mchezo wa Butere moja kwa moja. Uliandikwa na mwanasiasa mwenye malengo yake, na anayeuliza kama wanafunzi walikuwa na sauti ndani yake anauliza swali la haki, ambalo sisi tunaowatetea hatupaswi kulikwepa.

Ila kuna lililofuata. Mwandishi wao alikuwa amekamatwa, hadhira ilikuwa imetawanywa, na wasichana wale waliingia jukwaani wakakataa kuigiza. Waliimba Wimbo wa Taifa, ule unaoomba haki iwe ngao na mlinzi, kisha wakatoka. Hilo halikuwamo katika mswada. Anayesema kwamba walitumiwa, naomba anijibu: uamuzi ule wa kuimba na kuondoka ulikuwa wa nani?