Mara ya kwanza kukagua kazi za wapiga picha chipukizi: dakika 20 nazitumiaje?

Mhariri_wa_Picha:
Wakuu, habari zenu. Nimealikwa kukagua potifolio (mkusanyiko wa kazi za mpiga picha) kwenye tamasha la picha: watu 12 kwa siku, dakika 20 kila mmoja. Miaka michache iliyopita nilikaa upande wa pili wa meza hiyo. Mkaguzi alizipitia picha zangu 40 huku akichungulia simu, akafunga boksi la picha na kusema "endelea hivyo hivyo". Kazi ya miaka miwili! Niliondoka sijui hata kama kuna picha aliyoiona. Sitaki kumfanyia mtu hivyo, wala sitaki kumvunja moyo. Mnaanzaje?

MamaLenzi:
Hongera sana. Kabla boksi halijafunguliwa, muulize amekuja kutafuta nini. Anayetaka kutoa kitabu na anayetafuta kazi za magazeti hawasaidiwi na ushauri mmoja. Kisha tazama zote kimya mpaka mwisho, ila mwonye mapema, maana kimya hicho kinatisha.

Nimekaa kwenye meza hizo miaka tisa, na bado namkumbuka binti aliyeleta picha 31 za baba yake mgonjwa. Thelathini zilikuwa safi: kitanda, dawa, mwanga wa asubuhi. Ya mwisho ilikuwa imetikisika. Mkono wa baba umeinua filamu ya eksirei dirishani, mbavu zake zinaonekana kwenye mwanga. Akataka kuifunika: "Samahani, hii iliharibika." Nikamwomba tuzitandaze zote mezani. Akawa anaziondoa mwenyewe moja moja, mimi nauliza tu, "Hii inasema nini ambacho ile haijasema?" Zikabaki 14, na ile iliyotikisika akaiweka ya kwanza. Muda uliisha hatujaitaja kamera hata mara moja.

Ukweli useme, ila uwe wa picha. Ukimwambia "hizi tatu zinarudia jambo lile lile", kesho asubuhi ana kazi ya kufanya. Ukimwambia "huna jicho", aende nalo wapi?

Mwanga_Hafifu:
Naunga mkono. Tena usijibebeshe mzigo wote. Utaratibu huu, kama wanavyoufanya FotoFest, tamasha la picha la Houston, Marekani, tangu 1986, unampitisha mpiga picha kwa wakaguzi kadhaa. Usilolisema wewe atalisikia meza nyingine. Mwachie dakika mbili za mwisho aandike. Na kama kuna watoto au wagonjwa pichani, muulize walikubalije kupigwa picha.

Mhariri_wa_Picha:
Asanteni mno. Na kazi isiyonigusa kabisa?

MamaLenzi:
Mwambie wazi kwamba si uwanja wako, kisha mpe unachokijua: mpangilio, ukubwa wa picha, maelezo yake. Maelezo peke yake humaliza dakika kumi, wengi hawaandiki hata mwaka. Halafu omba mapumziko kabla ya yule wa 12. Naye amesubiri siku nzima, asikukute umechoka.