Tuangalie nini tunapotabiri mustakabali wa chipukizi wa besiboli?

Mwenye Daftari aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Kwa misimu kadhaa nimekuwa nikifuatilia ligi ndogo za besiboli za Marekani, yaani zile ambamo vijana hulelewa kabla ya kupandishwa Ligi Kuu, na kila msimu unapoanza huandika daftarini majina ya chipukizi kumi ninaoamini kwamba watafika mbali. Juzi nilirudia kurasa za zamani, nikasononeka. Wengi niliowapa nafasi za juu walipotea bila hata kuitwa Ligi Kuu, na baadhi ya wale niliowapita bila kuwatazama mara mbili ndio tegemeo la timu zao hivi leo.

Najua kwamba hata wanaolipwa kwa kazi hii hukosea. Mwaka 1966 New York Mets walikuwa na haki ya kuchagua wa kwanza kati ya vijana wote nchini, wakamchukua mdakaji (anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji) Steve Chilcott, ambaye aliumia bega na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Aliyechaguliwa mara baada yake alikuwa Reggie Jackson, ambaye alistaafu akiwa na homurani (mipira iliyopigwa ikavuka nje ya uwanja) 563. Kwa upande mwingine, Mike Piazza alichaguliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, wachezaji zaidi ya 1,300 wakiwa wamekwisha kutajwa, na hata hapo ilikuwa ni kwa hisani ya Tommy Lasorda, kocha wa Dodgers aliyekuwa rafiki wa baba yake. Piazza huyo sasa yumo katika Ukumbi wa Mashujaa. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, lakini mimi asubuhi ya besiboli bado inanichanganya.

Mpaka sasa nimekuwa nikitazama mambo matatu: wastani wa kupiga, idadi ya homurani na umbo la mwili. Naomba mnieleze ni wapi ninapokosea, na kama warushaji nao wapimwe kwa kipimo hicho hicho.

Hesabu za Besi alijibu:

Ndugu Mwenye Daftari, umeuliza jambo ambalo limeninyima usingizi kwa muda mrefu, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha jibu.

Kinachokosekana katika orodha yako ni umri. Wala sisemi umri peke yake, bali umri ukilinganishwa na daraja analochezea kijana. Chukua wapigaji wawili wa daraja la Double-A, la pili kutoka juu katika ligi ndogo, ambao wote wana wastani wa 0.300, yaani hupiga kwa mafanikio mara tatu katika kila kumi, mmoja akiwa na miaka 20 na mwenzake miaka 25. Kwenye karatasi ni mapacha. Lakini yule mdogo anawakabili warushaji waliomzidi miaka mitatu au minne, wengi wao wakiwa wamepitia vyuo vikuu, ilhali mwili wake mwenyewe haujamaliza kujengeka. Huyu wa pili amekwisha kukomaa, na sehemu ya mavuno yake inatoka kwa wadogo zake. Wa kwanza ningemwandika kwa wino. Wa pili ningetaka kwanza kujua alikuwa wapi miaka minne iliyopita.

Juan Soto ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Mwaka 2018 alianza msimu katika daraja la Single-A, lililo chini ya Double-A, akapandishwa mara mbili ndani ya wiki chache, akacheza mechi nane tu za Double-A, na mwezi Mei akawa tayari yuko Ligi Kuu na Washington Nationals akiwa na umri wa miaka 19. Aliumaliza msimu huo akiwa na homurani 22, na zaidi ya mara nne katika kila kumi alizosimama kupiga alifika besi salama. Ukiona kijana wa umri huo anawashinda watu wazima kila daraja analowekwa, usisubiri ushahidi mwingine.

Jambo la pili ni huo wastani wa kupiga unaoutegemea. Mpira uliopigwa hovyo unaweza kuangukia mahali pasipo na mtu, na uliopigwa kwa nguvu zote ukaishia kwenye glavu ya mlinzi. Kwa hiyo wastani wa mwezi mmoja, au hata wa miezi miwili, umebeba bahati nyingi. Tazama badala yake ni mara ngapi kijana anatolewa kwa straiki tatu (mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha) na ni mara ngapi anapewa besi ya kwanza bure kwa kuiacha mipira minne mibaya ipite. Namba hizi mbili hazitegemei walinzi walisimama wapi, nazo hutulia mapema zaidi. Kijana ambaye straiki zake zinaongezeka kila anapopanda daraja ana tatizo ambalo homurani zinaweza kulificha kwa muda tu.

Tatu, kwa kifupi: angalia anachezea wapi. Uwanja wa timu ya ligi ndogo ya Albuquerque uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali, kwa hiyo homurani 25 za huko si sawa na homurani 25 za pwani.

Nyuma ya Wavu alijibu:

Nakubaliana na mengi ya Ndugu Hesabu za Besi, hasa hilo la umri, lakini nina wasiwasi na neno lake kwamba tusisubiri ushahidi mwingine. Namba hutueleza kilichotokea. Hazituelezi kilitokeaje, na mara nyingi ni hapo kwenye namna ndipo mustakabali unapojificha.

Wasaka vipaji humpima mpigaji kwa mambo matano: kupiga kwa uhakika, nguvu, mbio, ulinzi na mkono wa kurusha. Kila moja hupewa alama kati ya 20 na 80, na 50 ndiyo kiwango cha kawaida cha mchezaji wa Ligi Kuu. Watu wasichokijua ni kwamba kila kipengele huandikwa mara mbili, alama ya leo na alama inayotarajiwa. Nguvu za kijana wa miaka 18 zinaweza kuandikwa 35 kwa leo na 60 kwa baadaye, na ugumu wote wa kazi umo katika pengo kati ya namba hizo mbili.

Hebu nieleze ninachokitazama mimi. Mpira wa kasi ya maili 95 kwa saa husafiri kutoka kichuguu cha mrushaji mpaka besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, umbali wa mita 18 na ushei, kwa takribani sekunde 0.4. Mpigaji hana muda wa kuutazama ukija. Inampasa aamue ukiwa bado njiani. Sasa mrushaji mjanja akimrushia kijana mpira wenye mwendo wa mkono ule ule lakini kasi pungufu kwa maili kumi, sitazami kama aliupiga au aliukosa. Natazama mguu wake wa mbele. Je, umekwisha kukanyaga na uzito wote umemwagika mbele, mikono ikabaki kupunga hewa? Au amekanyaga, lakini nyonga na mikono bado vimesubiri nyuma? Kisha nangojea zamu yake ijayo, kwa sababu mrushaji ataurudia mpira ule ule. Kijana ambaye katika zamu ya tatu ameuacha upite, au ameupiga upande wa pili wa uwanja bila haraka, amejifunza mbele ya macho yangu. Hili la kujirekebisha ndilo linalowatenganisha wanaofika na wasiofika kuliko misuli.

Kuhusu umbo la mwili, ndugu yangu, nakusihi ulipunguzie uzito. José Altuve alirudishwa nyumbani kutoka majaribio ya Houston Astros kule Venezuela kwa sababu ya ufupi wake. Alirudi siku iliyofuata, na mwaka 2007 akasajiliwa kwa dola 15,000. Miaka kumi baadaye alikuwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Amerika, moja ya matawi mawili ya Ligi Kuu, akiwa na kimo cha mita 1.68. Mike Trout naye alikuwa na umbo la kupendeza, lakini alitoka New Jersey, ambako baridi huchelewesha msimu na wapinzani walidhaniwa kuwa dhaifu, na kwa sababu hiyo timu zilimpita mpaka akachaguliwa wa 25 mwaka 2009. Wa kwanza alipimwa kwa rula na wa pili kwa ramani.

Mkono wa Kushoto alijibu:

Swali la warushaji halijaguswa, nami nalijibu moja kwa moja: hapana, kipimo si hicho hicho, na hatari ni kubwa zaidi.

Mpigaji huharibikiwa polepole, na mara nyingi unaweza kuona dalili. Mrushaji huweza kuwa bora kuliko wote Jumapili na akawa kwenye chumba cha upasuaji Ijumaa. Stephen Strasburg alichaguliwa wa kwanza mwaka 2009, na katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, Juni 2010, aliwatoa wapigaji 14 kwa straiki. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa kano ya kiwiko, ule unaoitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974. Strasburg alirudi na akafanya makubwa. Mark Prior hakurudi. Mwendo wake wa kurusha ulikuwa ukisifiwa kama wa kufundishia wengine, na mwaka 2003 alishinda mechi 18 na kupoteza 6 tu. Mechi yake ya mwisho ya Ligi Kuu aliicheza mwaka 2006, hata miaka 26 hajatimiza. Bado naumia nikikumbuka.

Kwa hiyo kwa warushaji mimi huandika majina mengi zaidi kuliko nafasi zilizopo, nikijua kwamba mikono mingine itakatika njiani. Natafuta aina tatu za mpira anazoweza kuzirusha ndani ya eneo la straiki, kwa sababu mwenye mpira wa kasi pekee hugundulika wapigaji wanapomwona kwa mara ya pili katika mechi moja. Pia siwafuti haraka wanaochelewa. Jacob deGrom alikuwa akicheza ulinzi wa ndani chuoni, alichaguliwa raundi ya tisa mwaka 2010, akafanyiwa upasuaji huo huo wa kiwiko, na akafika Ligi Kuu akiwa na miaka 25. Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, aliitwaa mwaka 2018 na tena 2019. Kipimo cha umri cha Ndugu Hesabu za Besi kingemkata jina mapema sana.

Hesabu za Besi alijibu:

Ndugu Mkono wa Kushoto, hapo umenishika, na ninakubali: umri una nguvu kubwa kwa wapigaji kuliko kwa warushaji, hasa waliohamia kichuguuni wakiwa wamechelewa.

Niongeze neno moja kwa muulizaji. Usiandike tena jina peke yake, kana kwamba kijana ama atafika ama hatafika. Mfumo wa utabiri wa PECOTA ambao Nate Silver aliutengeneza, na wachambuzi wa Baseball Prospectus wakaanza kuuchapisha mwaka 2003, ulipata sifa kwa sababu ulimlinganisha mchezaji na wa zamani waliofanana naye kwa umri, umbo na takwimu, kisha ukatoa wigo mzima: akifanikiwa sana atakuwa hivi, akienda kwa kawaida hivi, akianguka hivi. Fanya vivyo hivyo kwa mkono.

Mwenye Daftari alijibu:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Jioni hii nimechora ukurasa upya. Wapigaji na warushaji nimewatenga. Safu ya umbo nimeifuta, mahali pake nimeweka umri ukilinganishwa na daraja, kisha straiki, besi za bure na uwanja wa nyumbani, na kando ya kila jina nimeacha nafasi tatu za makisio. Kwa wapigaji nimeacha pia mistari mitano mitupu, nitakayoijaza baada tu ya kumtazama kila mmoja akirushiwa mpira wa kupunguza kasi kwa mara ya tatu. Nitauleta hapa msimu ukiisha, mnisaidie kuusahihisha.