L24 ya Datsun 240Z: nataka nguvu zaidi kwa bajeti ndogo, nianzie wapi?

MwanaZ (Nairobi)

Wakuu, salaam. Ninayo Datsun 240Z ya mwaka 1971 niliyoachiwa na marehemu ami yangu. Aliinunua kwa sababu moja tu, kwamba ndiyo aina ya gari ambayo Edgar Herrmann alishindia mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta akaishindia tena mwaka 1973. Bodi imekwisha kunyooshwa na kupakwa rangi, breki ni mpya, na sasa zamu ni ya injini. Ni L24 yake ya asili, silinda sita kwa mstari, hedi (kichwa cha injini) ya E31, kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU.

Dalili zake ni hizi. Nikishuka mteremko wa Mai Mahiu huku nimeachia kanyagio la mafuta, kisha nikalikanyaga tena kule chini, wingu la buluu hutoka nyuma. Nilipima mgandamizo injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje na kanyagio likiwa limekanyagwa mpaka mwisho: silinda tano zilisoma kati ya pauni 138 na 145 kwa inchi ya mraba, ya nne ikasoma 96. Nilipotia kijiko kimoja cha oili katika silinda hiyo ya nne, kipimo kilipanda hadi 128.

Nimetenga shilingi 300,000 kwa injini peke yake, pamoja na kazi ya karakana. Rafiki zangu wananishauri nitafute kabureta tatu za Weber na kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali. Fundi wangu naye anasema tutoboe silinda ziongezeke upana kwa milimita moja na nguvu zitaonekana. Gari hili ni la wikendi, na la kushuka Mombasa mara moja au mbili kwa mwaka. Si la mashindano. Fedha niziweke wapi kwanza?

Fundi Mstaafu (Nakuru)

Kijana wangu, umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, yaani kupima kabla ya kufungua. Vipimo vyako vinasema mambo mawili tofauti. Silinda ya nne kupanda ilipotiwa oili maana yake ringi za pistoni zimechoka au ukuta umekwaruzika. Moshi wa buluu unaotoka baada ya kuachia mafuta kwenye mteremko ni wa sili na gaidi za valvu (mirija inayoongoza mashina ya valvu), kwa kuwa wakati huo injini huvuta kwa nguvu na kunyonya oili kutoka juu. Pauni 140 zisikutishe. Kitabu kitakuonyesha 170 na zaidi, lakini kitabu kiliandikwa kwa watu wa pwani, wewe uko Nairobi.

Kuhusu ushauri wa fundi wako, tupige hesabu. L24 ina tundu la milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, jumla sentimita za ujazo 2,393. Ukitoboa hadi 84 unapata takriban 2,450. Hiyo ni nyongeza isiyofika asilimia 3, ambayo hutaisikia hata ukipanda Limuru peke yako garini. Silinda hutobolewa ili zirudi kuwa mviringo na kunyooka, basi. Kama saa ya kupimia itaonyesha kuwa silinda tano bado zimo ndani ya kiwango, usitoboe zaidi ya pale ambapo ya nne itasafika.

Na ninakuomba sana: nunua pistoni kwanza, zipeleke karakana zikiwa ndani ya boksi lake, kila silinda itobolewe na kusuguliwa kwa honi (jiwe la kulainishia ukuta) kufuata pistoni yake iliyopimwa kwa mikrometa. Niliwahi kupokea bloku iliyotobolewa "kwa saizi ya kawaida" kabla pistoni hazijafika. Zilipokuja, mbili zilikuwa zinacheza kama mchi kinuni. Bloku nzima ilirudi mashineni, na pistoni zile zikawa hazina kazi.

Jambo dogo la mwisho. Kabla ya kulegeza gia ya kamshafti ili kutoa hedi, chonga kabari ya mbao ndefu na nyembamba, ifunge kwa kamba, kisha ishindilie chini kati ya pande mbili za mnyororo ili kibano cha mnyororo kisiruke. Kikiruka, itakubidi ufungue kifuniko chote cha mbele kwa sababu ya kichuma kisichozidi kidole. Kamba ni ya kuivutia kabari baadaye. Nimeona watu wakiisahau mle ndani.

Bahari_Tanga

Ninakubaliana na Mzee, ila ningependa ndugu yetu aitazame hesabu ya hewa pia. Nairobi iko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) hupoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Sasa angalia L28, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na L24: tundu milimita 86, mwendo milimita 79, ujazo 2,753, yaani asilimia 15 zaidi. Kwa maneno mengine, ukifunga L28 Nairobi unajirudishia kile ambacho mlima ulikunyang'anya. Hakuna kamshafti ya bei yako itakayokupa hivyo kuanzia mizunguko 2,000 kwa dakika.

L28 ilifungwa katika Cedric 280C na katika baadhi ya Patrol za petroli za miaka ya 1980, kwa hiyo hutafuti kitu cha ajabu. Kwa nje bloku ni zile zile na hukaa kwenye viti vile vile vya injini. Hamisha sampu (bakuli la oili) yako ya 240Z pamoja na bomba lake la kufyonza oili, kwa kuwa za magari hayo mengine zina umbo tofauti.

Angalizo liko kwenye hedi. E31 ina chumba kidogo, takriban sentimita za ujazo 42. Ukiiweka juu ya L28 yenye pistoni zilizobonyea katikati, uwiano wa mgandamizo huwa karibu 9 kwa 1, na hapo petroli ya kituoni inatosha. Ukiiweka juu ya pistoni bapa, unakaribia 11 kwa 1. Injini hiyo inaweza kukuvumilia Nairobi, maana hewa nyepesi hupunguza kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda), lakini siku utakayovuka Mariakani na joto la Mombasa likupokee, itaanza kugonga kama mwenye deni lako. Pima ujazo wa chumba na kibonyeo cha pistoni kwa bomba la sindano, mafuta na kipande cha kioo. Kazi ya jioni moja.

Kabureta Mbili

Mimi nitapingana kidogo. Gari la 1971 lenye injini yake ya asili lina thamani ambayo L28 haitaliongezea, na ami yako hakununua L28. Ukiamua kubadilisha, basi angalau L24 uipake grisi, uifunge kwa nailoni na uihifadhi mahali pakavu.

Kuhusu Weber tatu: msizikimbilie. Bei yake ingekula bajeti yote, na bado utahitaji manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa), jeti (vitundu vya kupimia mafuta) za akiba na mtu anayejua kuzipanga. Zile SU zako hujirekebisha kwa sehemu kulingana na hewa inayopita, ndiyo maana gari linaposhuka kutoka mita 1,700 hadi baharini haliwi kituko. Weber ina koo lisilobadilika na jeti zisizobadilika. Ukiipanga Nairobi, Mombasa itakuwa na njaa ya mafuta. Shafti za vipepeo vya SU zikiwa zimelegea, zitengenezewe bushi mpya, halafu uzisawazishe. Injini nyingi zinazolaumiwa kuwa dhaifu huwa zinavuta hewa pale tu.

Fedha ya nguvu iwekwe kwenye hedi. Viti vya valvu vikatwe kwa pembe tatu, gaidi ziwe mpya, na midomo ya matundu ilinganishwe na manifoldi ili kusiwe na kingo inayozuia mtiririko. Kama hedi imepinda na lazima ichongwe, kumbuka kuwa kila kinachopunguzwa huisogeza kamshafti karibu na kranki, mnyororo hulegea, na taimingi ya valvu (wakati wa kufunguka na kufunga) huchelewa. Gia ya kamshafti ya injini hizi ina matundu matatu kwa ajili hiyo hiyo. Baada ya hedi, ekzosti. Kamshafti iwe ya mwisho.

MwanaZ (Nairobi)

Shikamooni wazee wangu, na samahani kwa kimya cha wiki tano. Injini imeshuka. Kabari ilifanya kazi, na kamba niliifunga kwenye kioo cha pembeni ili nisiisahau.

Silinda ya nne ina mkwaruzo ambao ukucha unanasa. Nyingine zote zimevaa kidogo sana. Gaidi za valvu za ekzosti zilikuwa zinachezacheza kiasi cha kuonekana kwa macho. Hedi imepinda kidogo katikati. Kranki imepimwa, iko salama, itang'arishwa tu na kupewa beringi mpya.

Nimeamua kubaki na L24, si kwa hesabu bali kwa ami. Pistoni za saizi ya kwanza iliyozidi zimeagizwa, na karakana imeambiwa isiguse bloku mpaka zifike. Hedi inapewa kazi yote iliyotajwa, SU zinatiwa bushi, na kilichobaki kinakwenda kwenye ekzosti. Bahari_Tanga, ninajua utanicheka nikipanda Limuru.

Swali moja limebaki. Kamshafti ina lobu (nundu inayosukuma valvu) moja iliyolika, kwa hiyo nimepata nyingine ya kiwango cha kawaida iliyosagwa upya. Je, roka (vijiti vinavyosukumwa na lobu na kufungua valvu) za zamani zinaweza kuendelea?

Fundi Mstaafu (Nakuru)

Marahaba. Haziwezi. Katika injini hii roka husugua lobu moja kwa moja bila gurudumu, na roka iliyozoea lobu ya zamani itaila mpya kabla hujafika Naivasha. Nunua mpya, au zipeleke zisagwe nyuso. Kisha paka wino kwenye roka, zungusha kamshafti kwa mkono, uone alama ya msuguano inakaa katikati. Ikitoka ukingoni, badilisha unene wa vile vikofia vya juu ya valvu. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa.

Siku ya kuwasha, toa plagi, zungusha kwa stata mpaka uone oili imefika kwenye kamshafti, ndipo urudishe plagi. Ikiwaka, usiiache izunguke polepole: ishikilie kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, ndoo ya maji ikiwa karibu na radieta, na mtu mmoja akikutazamia kipimo cha oili.